UZI: Matuta, kilomita 30 kwa saa, na nani anaamua mwendo wa magari mtaani Eastlands

1/ Wadau, kila msimu wa siasa Eastlands huwa na ahadi mbili za barabara. Ya kwanza: "Tutaweka lami." Ya pili huja lami ikishawekwa na mtoto akishagongwa: "Tutaweka matuta." Uzi huu ni wa hiyo ahadi ya pili. Hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaeleza hoja zenyewe, ndio ukienda kwa kikao cha maoni ya umma ujue unauliza nini.

2/ Mjadala wenyewe huwa unawekwa vibaya. Unaambiwa uchague: matuta au hakuna matuta, wenye magari au wanaotembea. Swali lenyewe ni hili: mahali watu wanaishi, wanauza mboga na watoto wanacheza, magari yaende kwa kasi gani, na ni nani mwenye kazi ya kuhakikisha hivyo? Tuta ni jibu moja tu kati ya majibu mengi.

3/ Tuanze na sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema ndani ya jiji, manispaa na vituo vya biashara mwendo usizidi km 50 kwa saa. Yaani bila kibao chochote, barabara ya ndani ya Umoja au Kayole ni 50. Mamlaka yenye barabara inaweza kuweka kikomo cha chini zaidi, lakini lazima iweke alama ndio dereva ajue.

4/ Kwa hivyo mtu akisema "tunataka 30 mtaani", haombi sheria mpya kutoka mbinguni. Anaomba mwenye barabara atumie uwezo alio nao tayari, aweke alama, kisha atengeneze barabara ilingane na hiyo alama. Shikilia hapo kwa "atengeneze barabara ilingane". Tutarudi huko, kwa sababu ndiko ahadi nyingi hufia.

5/ Mbona 30, si 40 ama 50? Hesabu ya breki. Chukua dereva macho, gari zima, lami kavu. Anaona mtoto, anachukua kama sekunde moja kabla mguu kufika kwa breki.
Akiwa 30: gari linasimama baada ya kama mita 13.
Akiwa 50: linahitaji kama mita 28.

6/ Sasa rudia hiyo polepole. Mtoto ameingia barabarani mita 13 mbele yako. Ukiwa 30, unasimama ukitetemeka, lakini umesimama. Ukiwa 50, ukifika alipo mtoto bado hujaanza hata kukanyaga breki. Unamgonga na 50 yote. Hiyo ni kwa gari lenye breki nzuri. Mathree ya zamani iliyojaa abiria, siku ya mvua, fanya hesabu mwenyewe.

7/ Na nguvu ya kugonga haiongezeki sawa na mwendo. Inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 30 hadi 50 unaona kama umeongeza kidogo tu, lakini gari linabeba nguvu karibu mara tatu. Ndio maana mtu mzima anayegongwa na gari la 30 mara nyingi anapona, na wa 50 uwezekano wake wa kufa uko juu sana.

8/ Je, hili ni tatizo kubwa Kenya, ama ni kelele ya mitandao? Takwimu za NTSA: waliokufa barabarani 2023 ni zaidi ya 4,300. Mwaka 2024 ni zaidi ya 4,700. Kundi kubwa kuliko yote kila mwaka ni watembea kwa miguu. Na Nairobi, kama safari nne kati ya kumi ni za miguu. Wengi wanatembea, na wanaotembea ndio wanakufa zaidi.

9/ Eastlands ina historia yake hapa. Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Jericho zilijengwa kwa wafanyakazi ambao hawakutarajiwa kumiliki gari. Nyumba zilipangwa kuzunguka uwanja na vijia vya miguu. Buruburu ilipokuja miaka ya 70 iliwapangia wenye magari, lakini ikawekwa koti: barabara fupi isiyopenya, inayoishia kwa nyumba.

10/ Zile koti za Buru ni somo la bure. Hakuna mtu anakimbiza gari ndani ya koti. Si kwa sababu wakazi wana adabu kuliko wengine, ni kwa sababu barabara ni fupi, nyembamba, ina kona, na mbele hakuna pa kwenda. Barabara yenyewe inamwambia dereva aende polepole. Hakuna askari, hakuna faini.

11/ Sasa linganisha na Umoja, Kayole, Pipeline ama Tassia ya leo. Nyumba za chini zimekuwa maghorofa, familia zimezidi mara kadhaa, viwanja vimeisha. Barabara ndio uwanja wa mpira, ndio soko, ndio steji, ndio njia ya shule. Halafu hiyo barabara inawekwa lami iliyonyooka, pana, bila njia ya miguu pembeni.

12/ Hapo kuna jambo ambalo hatupendi kulisema. Ile barabara mbovu ya zamani ilikuwa inapunguza mwendo. Mashimo yalifanya kazi ya matuta bila kulipwa. Ukiweka lami safi bila kitu kingine, umeongeza mwendo wa magari mlangoni kwa watu. Hakuna anayetaka kurudi kwa mashimo. Lakini lami bila mpango wa mwendo ni kazi nusu, hata kama ribbon imekatwa.

13/ Na magari yanayopita kasi mtaani mara nyingi si ya wenyeji. Jogoo Road ikikwama, Outer Ring ikikwama, kila mtu anatafuta njia ya panya. Barabara ya estate inageuka bypass. Anayepita hapo hajui ni wapi watoto wa nasari huvukia. Anajua tu amechelewa.

14/ Matatu nayo ina hesabu yake. Dereva na makanga wana pesa ya siku ya kupelekea mwenye gari, kabla wao hawajapata chao. Kila dakika kwa jam ni raundi inapotea, basi wanafidia kwa kukimbia pale barabara imefunguka. Ukiwaambia "endeni polepole" bila kugusa hiyo hesabu, unahubiri tu.

15/ "Lakini si matatu zina spidi gavana?" Zina. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa 2004 ziliweka kikomo cha km 80 kwa saa. Hiyo inasaidia barabara kuu. Ndani ya Kayole, gari la 70 halijagusa gavana kabisa. Kwa hivyo mtu akikuambia gavana ndio jibu la mtaani, muulize gavana ya 80 inamlinda nani kwa barabara ya 50.

16/ "Polisi washike." Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziko wazi: ukizidisha kwa km 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Lakini lazima kuwe na mtu na kifaa cha kupima, mahali pale, saa ile. Umewahi kuona kipima kasi nyuma ya soko mtaani kwenu? Vinakaa highway. Na wengi wetu tunajua kituo cha trafiki kinaweza kugeuka nini.

17/ Ndio maana watu hujijengea matuta. Ajali inatokea asubuhi, jioni vijana wamechanga saruji, mawe, tairi kuukuu, tuta limesimama. Tuwaelewe: hiyo ni sheria ya watu ambao serikali haijafika kwao. Lakini tuseme ukweli pia. Kuweka tuta bila idhini ya mwenye barabara ni kosa, na mengi ya hayo matuta ni hatari.

18/ Hatari kivipi?
• Halina rangi wala kibao. Usiku, kama mulika mwizi imezima, mtu wa boda analipata kwa ghafla na anaruka na abiria wake.
• Liko juu na lina ncha, linakwangua magari, linavunja shoki.
• Limeziba maji. Mvua ya masika ikija, upande mmoja ni bwawa na lami inaoza.

19/ Tuta linalofaa linajulikana. Muundo uliosambaa duniani ulitoka kwa utafiti wa Uingereza miaka ya 70: mgongo wa duara, urefu kama mita 3.7 kufuata barabara, kimo kati ya sentimita 7.5 na 10. Ukilipita kwa mwendo mdogo hulisikii sana. Ukilipita kasi linakukumbusha. Tofauti ya hilo na kile kigingi cha saruji pale mtaani ni kubwa mno.

20/ Na tuta si dawa pekee. Kuna:
• Kivuko kilichoinuliwa: zebra juu ya tuta pana, mtu anavuka kwa kimo cha njia ya miguu.
• Kubana mdomo wa barabara pale inapoingia mtaani, ndio gari likate kona polepole.
• Kisiwa cha katikati, uvuke upande mmoja kwanza.
• Kupindapinda barabara kidogo kwa miti au maegesho.
• Mistari ya vituta vidogo kabla ya makutano.

21/ Hizi hoja si za Ulaya pekee. Dar es Salaam, shirika la Amend liliwekea shule za msingi vitu vidogo: matuta, zebra, njia za miguu, vibao. Watafiti walilinganisha shule zilizofanyiwa na zisizofanyiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2019: majeraha ya watoto barabarani yalipungua kwa karibu asilimia 26. Mwaka huo huo mradi ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross. Ni saruji, rangi na mpango.

22/ Ghana nayo, barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, makutano ya Suhum. Wakaweka vituta vya kutetemesha gari. Ajali zikashuka kwa karibu asilimia 35 na vifo kwa karibu 55. Hakuna kamera, hakuna faini mpya. Waliibadilisha barabara, madereva wakabadilika bila kuombwa.

23/ Sasa tusikize upande wa pili kwa haki, kwa sababu hoja zao si upuuzi.
Hoja A: "Matuta yatachelewesha ambulensi na zima moto." Kweli. Majaribio ya Portland, Marekani, miaka ya 90 yalionyesha gari la zima moto hupoteza sekunde chache hadi kama 10 kwa kila tuta. Matuta sita ni karibu dakika nzima. Jibu: yasirundikwe kwa njia kuu za dharura, ama yatumike matuta yenye mapengo ambayo magurudumu mapana ya ambulensi yanapita katikati.

24/ Hoja B: "Mtaongeza jam." Ndani ya estate, kilomita moja kwa 50 ni sekunde 72. Kwa 30 ni sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48, na hiyo ni kama ungeweza kushikilia 50 mwanzo mwisho bila kusimamia mkokoteni, mbuzi ama mathree inayoshusha. Jam ya Nairobi haitokani na hizo sekunde. Inaanzia makutano na steji.

25/ Hoja C: "Watu wafundishwe kuvuka, watumie madaraja." Elimu ni nzuri. Lakini mtoto wa miaka sita hawezi kupima kasi ya gari linalokuja, hata umfundishe vipi. Na daraja la miguu lina nafasi yake kwa barabara kama Outer Ring. Mlangoni kwa plot hakuna daraja litajengwa. Pia uliza: mama aliyebeba gunia, ama mtu wa kiti cha magurudumu, anapandaje hizo ngazi?

26/ Hoja D: "Shoki zetu zitaisha, nauli itapanda." Hii inawahusu watu wa matatu, boda na teksi, na ni ya haki kama matuta ni yale ya vigingi. Ndio maana vipimo ni muhimu. Anayepinga tuta baya na anayetaka usalama wa mtoto wanaweza kuwa upande mmoja wa meza. Wanasiasa hupata kura wakiwakalisha pande mbili.

27/ Tahadhari moja kutoka nje. Wales, Septemba 2023, ilishusha kikomo cha mitaa mingi hadi maili 20 kwa saa, yaani kama km 32. Majeruhi wakapungua. Lakini zaidi ya watu 400,000 wakatia sahihi ombi la kupinga, na 2024 serikali ikalegeza mwongozo ndio baadhi ya barabara zirudishwe. Funzo: ukishusha kila mahali bila kusikiza ni wapi hapafai, unawapa wapinzani silaha.

28/ Sasa, nani mwenye barabara? Hapa ndipo mwananchi huzungushwa hadi achoke. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: barabara za kaunti, taa za barabarani na trafiki ni kazi ya kaunti. Barabara kuu za taifa ni za serikali kuu, na mijini zinasimamiwa na KURA. Kwa mfano, upanuzi wa Outer Ring ulikuwa mradi wa KURA. Vijia vya ndani ya estate kwa kawaida ni City Hall.

29/ Kwa hivyo mheshimiwa akisema "nitawawekea matuta", swali la kwanza ni: barabara gani, na ni ya nani? Mbunge hana mamlaka juu ya barabara ya kaunti. MCA hana mamlaka juu ya barabara ya KURA. Anaweza kusukuma, ndio. Kama hajui hata mwenye barabara, hajaanza kazi.

30/ Swali la pili: iko kwa bajeti? Nairobi ina sera ya usafiri usio wa magari tangu 2015, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa wanaotembea, baiskeli na usafiri wa umma. Sera iko. Muulize mgombea: mwaka huu wa fedha ni shilingi ngapi ziliandikwa kwa wadi yetu, na ngapi zilitumika?

31/ Weka tarehe hizi kwa simu, ziko kwa sheria ya fedha za umma ya 2012:
• Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti.
• Februari 28: taarifa ya sera za fedha.
• Aprili 30: makadirio ya bajeti.
Ukilia Juni, pesa zimeshagawanywa. Tuta linalojengwa mwaka ujao huanza kama mstari kwa karatasi mwaka huu.

32/ Huhitaji kuwa na godfather. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika: barabara gani, kutoka wapi hadi wapi, shule ziko ngapi, ajali zimetokea wapi, mnataka nini. Nyumba kumi, koti moja, chama cha wakazi, inatosha kuanza.

33/ Mfano wa karibu: Dandora. Kuanzia miaka ya 2010, vijana wa huko walichukua koti moja moja, wakazisafisha, wakapanda miti, wakaweka mahali pa watoto kucheza, na magari yakaacha kupita ovyo. Hawakungoja highway. Walianza na nafasi ya mlangoni. Hiyo kazi baadaye ikavutia wapangaji wa miji kuja kujifunza.

34/ Basi mkikutana na mgombea, maswali matano:
• Barabara hii ni ya nani?
• Kikomo kitakuwa ngapi, na alama zitawekwa wapi?
• Tuta la vipimo gani, na maji yatapita wapi?
• Taa na rangi zitatunzwa na nani baada ya mwaka mmoja?
• Iko kwa bajeti ya mwaka gani?
Akijibu matatu vizuri, amejiandaa. Akijibu "tutawafanyia", mpe maji anywe, aendelee na safari.

35/ Mwisho. Leo mwendo wa magari mtaani unaamuliwa na dereva mwenye haraka kuliko wote anayepita siku hiyo. Sheria inasema 50, gavana inasema 80, vijana wanasema kwa saruji usiku. Wakazi wana haki ya kuamua kwa njia ya wazi, na kuna ofisi inayolipwa kuwasikiza. Kama unajua barabara mtaani kwenu inayohitaji hili, iandike hapa chini: jina la barabara na kutoka wapi hadi wapi. Tutazipanga kwa wadi, ndio ziwe tayari kabla ya Septemba 1.